Kuchambua Viungo

Mazungumzo haya niliyatoa Chake Chake mbele ya wenye nyumba za wageni, watembeza wageni na vijana wanaotengeneza tovuti. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa pale umeme ulipokatika tukakaa gizani, na mzaha mmoja ambao kwenye karatasi haunogi.

Bismillahi Rahmani Rahim. Mwenyekiti, masheha mliohudhuria, mashekhe, mama zangu, ndugu zangu, asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Pale mlangoni mama mmoja kasoma mada ubaoni, "viungo vya tovuti", akaniuliza kama leo nitafika kwenye mdalasini. Nimecheka, lakini ana haki. Neno hilo kwetu limeshajaa: kuna kiungo cha mwili, kuna viungo vya pilau, na sasa tumeletewa kiungo cha intaneti, yale maneno ya buluu ambayo ukiyabonyeza yanakutoa ukurasa mmoja yakakupeleka mwengine. Ili nisiwatie njaa bure nitasema linki, kama wanavyosema vijana. Na linki ninayoikusudia ni ile ambayo mtu mwengine kaiweka kwenye tovuti yake, kwa hiari yake, ikamleta msomaji kwako. Vijana wanaiita baklinki.

Neno la pili la mada ni kuchambua, na hilo Pemba hatuna haja ya kufundishwa na mtu.

Mimi nimekulia Wete. Msimu wa karafuu ukiingia, baada ya magharibi majamvi yanatandikwa uani, karabai inaning'inizwa, na mzigo uliochumwa mchana unamwagwa katikati. Bibi anachukua kishada, anakishika konyo, kile kijiti kinachobeba karafuu, kwa vidole vya mkono mmoja, anakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, mara moja tu. Karafuu zinaanguka mbele yake, konyo linarushwa nyuma. Sisi watoto tukisokota mara tatu na bado karafuu zinang'ang'ania. Bibi hatazami mikono yake, anatazama mikono yetu. Ukiacha konyo moja kwenye rundo la karafuu analitoa, anakuonyesha, analirusha. Haongezi neno. Kazi niliyokuja kuieleza leo haina tofauti kubwa na ile: unamwagiwa rundo la linki, usiku nyumba ikiwa kimya, na unazipitia moja moja.

Kwanza niseme kwa nini linki ina thamani, maana wengi wetu tulifundishwa kwamba tovuti inaonekana kwa kurudia "hoteli Pemba, hoteli Pemba" mpaka mwisho wa ukurasa. Injini za utafutaji za mwanzo zilikuwa zikidanganyika hivyo. Mwaka 1996, katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa na mradi walioupa jina la BackRub, na jina hilo lilichezea hizi hizi linki zinazokuja kutoka nyuma. Fikra yao waliichukua kwenye makala za kisayansi, ambako makala inayotajwa na wengi huhesabiwa nzito. Usimsikilize mtu anavyojisifu. Hesabu wanaomtaja, kisha katika hao wanaomtaja, tazama na wao wanatajwa na nani. Mwaka 1998 mradi ukawa kampuni, ndiyo Google, na hesabu yenyewe ikaitwa PageRank.

Naona mashekhe wanatabasamu. Elimu ya hadithi yote imesimama juu ya sanadi: fulani kapokea kwa fulani, na huyo fulani naye anaulizwa ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na yule anayedai kupokea kwake. Suali ni lile lile, kakwambia nani?

Ile hesabu waliieleza kwa mfano wa mtu anayebonyeza linki ovyo ovyo bila ya kusudio. Mimi mtu huyo humfanya mgeni aliyepotea Mji Mkongwe. Kila njia panda anaingia kichochoro chochote. Mara 85 katika 100 anaendelea kufuata vichochoro. Mara 15 anachoka, anapanda Vespa, anashushwa pahala popote. Muache arande mwaka mzima, halafu uliza kakutwa wapi zaidi. Atakuwa kakutwa Darajani, atakuwa kakutwa Forodhani, kwa sababu vichochoro vingi vinamwaga huko, na vyenyewe vina watu. Kwenye ua wenye mlango mmoja wa nyuma atakuwa kapita mara moja, labda. Tovuti zetu nyingi ni ua huo. Nzuri, zimepakwa chokaa, na hakuna kichochoro kinachomwaga mtu humo.

Kuna jambo jengine katika hesabu ile, nalo watu hulisahau. Uzito wa ukurasa hugawiwa kwa linki zilizomo. Sinia la pilau likikaliwa na watu wanne, kila mtu anashiba. Wakalishe watu mia nne kwenye sinia hilo hilo, kila mmoja anaondoka na punje mbili na harufu. Kwa hivyo mtu aliyeandika juu ya nyumba nne za wageni alizolala Pemba, akakutaja, kakupa zaidi kuliko orodha yenye majina elfu. Google ya leo inatazama mambo mengi zaidi ya haya, na hesabu imebadilishwa mara nyingi, lakini linki haijatolewa jikoni.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Shemegi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi, na mpaka leo anamwamini mtu kwa namna anavyofunga kamba. Siku moja alipata ujumbe wa WhatsApp: linki elfu tano kwa dola thelathini, matokeo ndani ya mwezi. Akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo. Nikamwambia lipa. Nasema haya mbele yenu ili mtu asitoke hapa akidhani nimezaliwa najua.

Linki zilikuja kweli, hilo sitowadhulumu. Nilipokuja kuzifungua nikakuta kurasa za kamari, kurasa za dawa za nguvu za kiume, kurasa za mikopo zenye lugha ambayo hata sikuweza kuitambua, na katikati ya hayo yote, jina la nyumba ya shemegi. Ukurasa mmoja ulikuwa na linki nyingi mpaka kivinjari kilikwama. Nikakumbuka wale wanaotia makonyo kwenye gunia la karafuu ili lipate uzito. Mnunuzi hamwagi gunia zima. Anatia mkono mpaka katikati, anatoa kiganja kimoja, ananusa, anakutazama usoni.

Mgeni hata mmoja hakuja kwa linki zile.

Na wakubwa nao wamepita njia hiyo. Mwezi wa Februari 2011, gazeti la New York Times lilieleza namna duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilivyokuwa juu kabisa ya Google kwa kila kitu, kuanzia nguo mpaka mazulia, na nyuma yake kukakutwa maelfu ya linki kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na biashara yake. Kampuni ilisema haikuhusika na linki hizo na ikaachana na wakala wake. Lakini tazameni kilichotokea. Saa moja ya usiku, mtu akitafuta samani za sebuleni, duka lile lilikuwa la kwanza. Saa tatu ya usiku huo huo lilikuwa la 68. Baina ya magharibi na kumaliza kula.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga linki za kununua na za kupangwa, na watu wengi duniani waliamka biashara zao hazionekani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kikatolewa chombo cha kuzikana linki: unaandika faili la maandishi, mstari kwa mstari, unasema hawa siwajui, msinihesabie. Tangu Septemba 2016 Penguin imeingizwa ndani ya mfumo wenyewe, na mwendo wake umekuwa zaidi wa kuzipuuza linki chafu kuliko kukushusha wewe. Huo mstari wa mwisho mimi sikuwa nimeusoma. Laiti ningeliusoma.

Maana nilipoona zile kurasa za kamari niliingiwa na hofu, nikakaa usiku mmoja nikaandika faili la kuzikana linki. Kila jina nisilolijua nikalitia. Jina la Kijerumani, tia. Jina refu refu, tia. Nikalipeleka, nikalala kwa raha. Baada ya miezi nikaja kugundua kwamba katika niliowakana yumo mzamiaji mmoja wa Kijerumani aliyeandika kurasa nzima juu ya kuta za matumbawe upande wa magharibi wa Pemba, akamsifu shemegi kwa jina, akamwekea linki. Nilifanya jambo ambalo bibi asingelifanya: nimesomba karafuu na makonyo nikavirusha vyote nyuma.

Google wenyewe wanasema tovuti nyingi hazina haja ya chombo hicho. Ni cha mtu aliyepewa adhabu na mtu wao, kwa taarifa rasmi, au anayejua fika kwamba alinunua linki nyingi na adhabu inakuja. Ukiona tu takataka zinakuelekea, na wewe huna mkono wako humo, ziache. Kila tovuti ina inzi wake. Mimi nililifuta faili lile, na hata hivyo mambo hayarudi siku ile ile, kwa sababu mashine lazima izipitie tena kurasa zile moja moja kwa wakati wake.

Basi tuchambue kwa utulivu. Pa kuanzia ni Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti namna tovuti yake inavyoonekana kwao, na ni bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, unafungua sehemu ya viungo, unaletewa majedwali: nani anayekuelekea zaidi, ukurasa wako upi unaoelekewa zaidi, na kwa maneno gani. Majedwali yake yanaishia mistari elfu moja na linki zinazoonyeshwa ni sampuli, lakini kwa nyumba ya vyumba vinane, wallahi, mistari arubaini itakutosha usiku mzima. Vyombo vya kulipia vipo, Ahrefs, Semrush, Majestic, Moz, na vina faida yao kubwa unapotaka kuona linki za jirani. Nitafika huko.

Kitu cha kwanza, usihesabu linki, hesabu wenye linki. Tovuti moja ikikuweka chini ya kila ukurasa wake, na ina kurasa elfu tatu, jedwali litakuonyesha elfu tatu. Huyo ni mtu mmoja aliyekusalimia mara elfu tatu. Mshukuru, mhesabu mmoja.

Pili, mfungue. Kuchambua kwenyewe ni hapa, na hapa ndipo watu wanapofanya uvivu. Fungua ukurasa, usome. Nani kaandika? Anahusika na nini? Kataja nani mwengine? Mtu akija kuposa kwako hutosheki na mjumbe kusema kijana ni mzuri. Unauliza mjumbe mwenyewe ni nani, anasali wapi, na anamjua kijana kwa lipi. Mzamiaji wa Ujerumani anayeandika habari za bahari akikusifia safari za kisiwa cha Misali, huyo anajua anachokisema. Muuza matairi akikusifia safari za Misali, mna nini baina yenu?

Tatu, maneno ya linki yenyewe, yale ya buluu. Watu wa kweli hawasemi kwa sauti moja. Mmoja ataandika jina la nyumba yako, na pengine atalikosea. Mwengine ataandika "hapa". Mwengine ataweka anwani ya tovuti mzima mzima. Mwengine ataandika "kwa yule mzee aliyetupikia pweza". Ukikuta linki tisini katika mia zinasema "hoteli nafuu Pemba", neno kwa neno, hao ni mashahidi waliofundishwa. Hakimu yeyote anawajua, na mashine imeshafundishwa kuwajua.

Kijana mmoja kaninong'oneza wakati wa chai kuhusu alama, ile namba ya kutoka 1 mpaka 100 inayopewa tovuti. Anasema kuna anayeuza linki za "alama hamsini". Alama hizo hutengenezwa na kampuni za vyombo nilivyovitaja, kila moja kwa hesabu yake. Ile mashuhuri, Domain Authority, ni ya Moz. Google haiitumii. Inafaa kwa kulinganisha tovuti mbili kwa haraka, na kupanda kutoka 20 hadi 30 ni rahisi kuliko kutoka 70 hadi 80. Mtu akikuuzia kitu kwa namba hiyo peke yake, muombe akufungulie ukurasa uusome. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Sasa makonyo. Mnajua linki nyengine huwekewa alama kwenye msimbo wake, neno nofollow, lililoanza mwezi wa Januari 2005 wakati watu walipokuwa wakimwaga matangazo yao kwenye maoni ya kila tovuti. Maana yake ni "naelekeza, lakini simdhamini". Mwaka 2019 zikaongezwa nyengine mbili, moja ya linki zilizolipiwa na moja ya linki zilizowekwa na wasomaji, na Google ikasema sasa itazichukulia kama dokezo tu. Vijana wakiona nofollow wanasema haina faida, tupa. Wanasahau kwamba hapa hapa Wawi pana kiwanda kinachokamua mafuta kwenye makonyo. Linki ya nofollow kutoka tovuti kubwa ya wasafiri huenda isikupandishe kwenye Google, lakini mtu akiibonyeza anafika kwako, na chumba kikilipiwa hakiulizi mgeni kaja kwa linki ya namna gani. Yaweke makonyo kwenye gunia lake. Usiyatupe, na usiyauze kuwa ni karafuu.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja leo.

Katika majedwali ya shemegi, safu ya kurasa zinazoelekewa zaidi, nilitarajia kukuta ukurasa wa vyumba, au wa bei, au zile picha za machweo alizopigiwa kwa gharama. Haukuwa wowote katika hizo. Ulikuwa ukurasa wa bamvua, zile siku maji ya bahari yanapojaa na kukupwa sana. Miaka mingi nyuma, wakati tovuti yake ilikuwa ya kwanza kabisa na mbaya kwelikweli, wageni walikuwa wakimghasi kila asubuhi: mbona boti haiondoki? Yeye kwa kuchoka kueleza akaandika ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chake cha bandarini. Akaeleza bamvua ni nini na maji mafu ni nini, mwezi ukiwa hivi maji yanakupwa mpaka wapi, siku zipi unaweza kwenda Misali na ukarudi bila ya kukokota boti kwenye mchanga, siku zipi mkondo una nguvu na mzamiaji mgeni akae nyumbani anywe chai. Ukurasa hauna picha hata moja. Yule Mjerumani kauelekea. Wanafunzi wa chuo kimoja cha nje waliokuja kuwatazama popo wa Kidike wameuelekea. Msafiri mmoja anayeandika habari za visiwa kauelekea akasema ni ukurasa pekee uliomfaa safari nzima.

Na ukurasa wenyewe haukuwepo.

Alipotengenezewa tovuti mpya, kijana aliyeitengeneza alihamisha vyumba, bei na picha. Ule wa bamvua aliuona mbaya, hakuuhamisha. Kwa hivyo watu wote wale, kwa miaka, walikuwa wakiwaelekeza wasomaji wao kwenye mlango uliobomolewa. Anayebonyeza anakutana na 404, namba ambayo seva hutoa ikimaanisha hakuna kitu hapa. Ni sawa na mgeni anayeshuka bandarini Mkoani, anauliza nyumba yako, watu watano wanamwonyesha kwa heshima na taadhima, anafika anakuta kiwanja.

Tuliupata ukurasa kwenye Wayback Machine, ile hazina ya Internet Archive inayohifadhi kurasa za zamani na iliyofunguliwa kwa watu tangu 2001. Tuliukuta mzima, na makosa yake ya tahajia yote, shemegi akakataa nisiyasahihishe. Tukaurudisha kwenye tovuti mpya, na kwenye anwani ile ya zamani tukaweka amri ya kuhamisha, namba 301, ambayo humwambia anayekuja, na huiambia mashine pia, kwamba mwenye nyumba kahama moja kwa moja, yuko hapa. Kazi ya nusu saa. Hatukumlipa mtu. Katika yote niliyowahi kuyafanya kwenye tovuti ile, zikiwemo dola thelathini, hakuna lililoleta watu kama nusu saa ile. Kwa hivyo ukifungua majedwali yako, kabla ya kutafuta linki mpya, jaribu kila ukurasa unaoelekewa uone kama upo.

Liko na jengine linalofanana na hilo. Kuna wanaokutaja bila ya kukuwekea linki. Tafuta jina la nyumba yako kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, uone. Ukimpata, mwandikie kwa adabu. Sisi tuliandika hivi kwa msafiri mmoja, nawasomea kwa Kiswahili: "Ndugu yetu, tumesoma ulivyoandika juu ya siku yako ya Misali, na tumefurahi umemkumbuka hata nahodha. Jina letu umelitaja, lakini msomaji wako hana pa kubonyeza. Ukiona inafaa, ukurasa wetu wa bamvua ni huu, utawasaidia watakaokuja nyuma yako wachague siku." Basi. Hatukuomba "linki yenye uzito", hatukutoa ofa. Tuliandika barua za namna hiyo kwa watu watano. Wanne hawakujibu. Mmoja alijibu siku ile ile, akaweka linki, akaulizia afya ya nahodha.

Kuhusu majirani, niliahidi. Ukitumia chombo cha kulipia, au hata kile cha bure cha Bing, injini nyengine ya utafutaji, unaweza kuona nani anawaelekea wenzako. Chukua nyumba tatu za wageni zinazofanana na yako, tazama tovuti inayozielekea zote tatu na haikuelekei wewe. Hapo pana mlango wa kubisha. Wengine wanaona hii ni kuchungulia. Mimi naona ni kama kumuuliza mvuvi mwenzako nguru anamuuzia nani. Sijui kwa nini Unguja wanalifanya kila siku na sisi tunaona haya.

Na mtabisha mlango na nini mkononi? Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Ukitafuta habari za Pemba, mengi yaliyoandikwa yameandikwa na watu waliokaa siku nne. Mchezo wa ng'ombe, nani ataueleza kuliko mtu ambaye mjomba wake kaucheza? Kwa nini kisiwa kikaitwa Misali, ile habari ya Nabii Khidhri kuomba msala na wavuvi wakawa hawana, tunaijua sote tangu tukiwa chuo cha Qur'ani. Magofu ya Ras Mkumbuu, Pujini na ukali wa mtawala wake wa zamani Mkama Ndume, msitu wa Ngezi, kishada cha karafuu kinavyosokotwa kiganjani. Ukurasa mmoja mmoja wa mambo hayo, ulioandikwa na mtu anayeyajua, kwa lugha yoyote anayoiweza, ndio utakaoelekewa. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuweka linki kwenye ukurasa unaosema "tuna vyumba safi na huduma bora".

Naambiwa muda umekwisha na adhana ya alasiri imekaribia. Kompyuta yangu nitaiacha wazi kwenye meza ile ya pembeni, na bando lipo. Baada ya sala, mwenye tovuti aje tuyafungue majedwali yake, tukae tuchambue. Aje na nywila yake. Asiyekuwa nayo, na najua ni wengi, ampigie simu sasa hivi yule kijana aliyemtengenezea, kabla hajapanda boti ya kesho.